Nyumba Mbili za Jina la Mama

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mama yao, Mwanaidi alipiga hodi kwa dada yake, mkononi ameshika kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kiberiti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kumbe njia hujaisahau," Rukia alisema. "Hicho nini?"

"Seva ya majina. Mtu akiitafuta tovuti ya nyimbo za mama kwa jina lake, inamwelekeza zilipo. Ninayo nyingine kwangu, lakini zinatakiwa mbili, katika nyumba mbili. Kwangu umeme ukikatika, jina lake linapotea, isipokuwa ya kwako ikijibu."

"Mimi nimjibie mama?"

"Tumjibie sote wawili."

Rukia alichomoa redio yake ukutani, akakichomeka kile kidude, akaketi kukitazama kikipepesa taa yake ya kijani kama jicho la mtu anayeamka.

Mwanaidi aliporudi kwake, aliizima seva yake, akaandika jina la mama katika simu, akangoja. Ukurasa ulibaki mweupe kama shuka lililoanikwa. Kisha, kutoka mbali, mama akakohoa kidogo, kama alivyozoea kabla ya kuimba.