Ardhi Hadi Jumamosi

Ilipofika saa tano asubuhi Tabutany alikuwa amekwisha kumenya ndoo mbili za viazi, na kiuno kilimuuma. Huko mwituni Marafiki wa Msitu walikuwa wakiimba.

Sheria ilikuwa hii. Waogiek, wenyeji wa msitu huo tangu enzi za mababu, wamerudishiwa msitu wao, lakini utabaki wao iwapo tu kila Jumamosi marafiki arobaini watakuja, watembee, wale, kisha kila mmoja abonyeze kidole kwenye nguzo ya langoni kukiri kwamba amekaribishwa vizuri. Nyumba iliyo karibu na lango ni ya Tabutany, basi mpishi akawa yeye. Siku nyingine alichanja kuni na kufua mashuka ya wageni.

Walirudi saa tisa, viatu vimejaa tope. Walikuwa watu wema, hakuna ubishi. Mmoja alimletea hata sabuni.

“Mama, leo tumefika kwenye ule mwerezi wa bondeni,” akasema Mwalimu Wafula, rafiki wa siku nyingi. “Ndipo baba yako alipokuwa akirina asali, sivyo?”

“Ndipo.” Tabutany akaacha kupakua. “Ule mzinga wa juu bado upo?”

Mwalimu akacheka, akidhani anataniwa. “Mama nawe! Unaniuliza mimi, na msitu ni wako?”

Tabutany akacheka naye. Mwaka wa tatu sasa tangu warudishiwe, na hajatia mguu humo.

Rafiki wa arobaini alipobonyeza kidole, nguzo ikasema kwa sauti yake tamu: “Hongereni. Ardhi ni yenu hadi Jumamosi ijayo.”

Tabutany akaenda kuloweka maharagwe.