Madoa ya Shaba

Tabu Nyange alikuwa amesafisha bwawa la kuogelea la Mzee Zahran kwa miaka kumi na mmoja, na asubuhi hiyo aliambiwa asirudi tena. Kuta nyeupe za bwawa zilikuwa zimeingia madoa ya kijani, na mzee alisema ni uvivu wake.

"Huo si uchafu, mzee," alisema Tabu. "Ni shaba. Imetoka kwenye ile dawa ya kuua mwani uliyoimwaga bila kuniuliza."

"Wewe Tabu, utanifundisha bwawa langu?"

Tabu alikwenda jikoni akarudi na ndimu iliyokatwa, akapiga magoti ukingoni na kusugua doa moja lililokuwa juu ya maji. Kijani kilififia, ukuta ukarudi mweupe.

Mzee aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Nipe hicho kipande kingine," alisema kwa sauti ya chini.

Tabu alimpa, kisha akasimama wima, mikono kiunoni, kifua mbele. Mzee alikunja mikono ya kanzu yake, akapiga magoti na kuanza kusugua.

"Hivi, Bi Tabu?"

"Taratibu, mzee. Usiukwaruze."

Mzee akapunguza mkono, maji ya ndimu yakimchuruzika hadi kiwikoni.