Simu ya Wiki Hii

Kila wiki mjumbe wa mtaa humpa mtu mmoja simu inayopigwa na waliokata tamaa. Hata watu wa nyumbani kwako hawatakiwi kujua. Simu hiyo hufanya sauti zote zifanane, na ukimtambua anayepiga, sheria inataka ukate ili apokewe na mtu wa mtaa mwingine.

Wiki hii ninayo mimi. Leo mchana, Mama akiwa uani anapika, iliita.

"Shikamoo," nilisema. Huwa nasahau kwamba kusalimiana hakuruhusiwi.

"Marahaba, mwanangu. Sitaki kufika kesho. Dawa ninazo hapa."

"Nyumbani uko na nani?"

"Na binti yangu. Aliacha shule darasa la tano ili aniuguze. Sasa anaona haya hata kwenda dukani. Nikiondoka atapumua."

Sheria ilitaka nikate. Nilitoka kwenda uani, simu sikioni.

"Hatapumua," nilisema.

Mama aligeuka, naye ana simu sikioni.

"Kumbe wewe, Zamda? Sheria inasemaje?"

"Nikate."

"Basi kata, mwanangu."

Nikaikata. Kisha nikakaa mbele yake, nikanyoosha mkono anipe dawa. Hakunipa. Sikuurudisha.