Chujio la Kelele

Mjane alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati, anachomeka harakaharaka chaja mbovu ya simu ya marehemu mumewe, wakati fundi redio alipobisha hodi.

"Karibu, shemeji! Nakuja!"

Alijipangusa vumbi. Ubaya wa chaja ile aliugundua kwa bahati: ukiichomeka tu, redio mezani inakwaruza kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Tangu hapo redio haikupona, na fundi hakukoma kuja; siku asipokuja, mjane hakuiwasha. Mwingine wa kubisha mlango ule hakuwapo. Na yeye, rafiki wa marehemu, angekujaje bila kazi? Watu wana midomo.

"Bado inakorofisha, shemeji?"

"Afadhali hata juzi."

Fundi alitikisa kichwa. Safari iliyopita alikuwa amefunga chujio, kijisanduku cheusi alichokiunda mwenyewe, kwenye soketi iliyo kando ya kabati. "Hiki kitameza kelele yote," alisema siku ile, na mjane akaingiwa na hofu. Bahati nzuri hakikumeza kitu.

Leo fundi alikuja na mbinu nyingine. Alifungua mfuniko wa redio, akamwonyesha kijiti kilichozungushiwa waya.

"Hiki ndicho sikio lake. Kinasikia kwa ubavu. Kwa ncha ni kiziwi. Nikiigeuza redio mpaka kelele ife, basi ncha inamnyooshea mchawi wetu kidole."

Akaanza kuigeuza polepole. Ncha ilivyokaribia kabati, kelele ikapungua, ikabaki mnong'ono. Mjane alishika ukingo wa meza. Ataumbuka sasa hivi, na fundi hatarudi tena.

"Chai inapoa, shemeji."

Fundi aliirudisha redio haraka ilivyokuwa. "Aa, hii inatoka nje huko, kwenye nguzo za umeme. Itabidi nije tena."

"Njoo tu. Mgonjwa ni wako."

Alikunywa chai taratibu, kama mtu asiye na pa kwenda. "Kwangu hata redio siwashi," alisema. "Nikishasikia habari, nimwambie nani?" Kisha akafunga mkoba wake, akaaga.

Mlango ulipofungwa, nyumba ikawa kubwa tena. Mjane aliiacha redio ikikwaruza, akapiga magoti nyuma ya kabati kuchomoa chaja.

Ilikuwa ya baridi. Taa yake nyekundu haikuwaka. Alipoinusa, ilinuka kuungua. Imekufa, na haijulikani tangu lini.

Mezani, redio bado ilikwaruza.

Alisimama akaitazama. Halafu, polepole, akakichomoa kijisanduku cheusi cha fundi. Sauti ya mtangazaji ikajaa chumba, safi kabisa.

Mjane alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Kisha akakirudisha kwenye soketi, akakisukuma mpaka kikakaza.