Jiwe la Mlangoni

Katika makambi yetu ya mkonge, mlango wa chumba hufunguliwa na bangili ya kielektroniki ya aliyefanya kazi siku hiyo. Usipokata mkonge, unalala nje. Binti yangu Stumai ndiye aliyewaambia wenzake waketi shambani mpaka wagonjwa nao wafunguliwe milango.

Tuliketi siku tisa. Masufuria yetu yalibaki ndani, tukanywa uji aliotuletea mke wa msimamizi kwa ndoo, akimwambia mumewe ni chakula cha kuku wake.

Siku ya sita Chande, mkataji mwenzetu, aliokota jiwe. “Dada Stumai, moja tu, nivunje kitasa.”

“Lete hapa, kaka. Tangu juzi natafuta kigoda.”

Watu wakacheka, Chande naye akacheka. Stumai akalikalia jiwe lile mpaka siku ya kumi, milango ilipofunguka kwa wazima na kwa wagonjwa. Siku hiyo nilitembea kambini kama mama wa bibi harusi.

Sasa kila jioni naliweka jiwe lile mlangoni, mlango usije ukajifunga.

“Mama, si tulishinda?”

“Tulishinda, mwanangu. Lakini bangili bado tumezivaa.”

Jana nilipita vyumba vya jirani. Kila mlango una jiwe lake.