Magauni ya Kuombewa

Damari aliitwa kuyaombea magauni ya Yemima kabla hayajapelekwa sokoni. Yalikuwa ya watoto, ya kitambaa laini cha fulana kinachovutika, yamerundikwa juu ya meza, na wanawake wa jumuiya walikuwa wameizunguka.

"Kumbe siyo wewe peke yako unayeweza kushona, Mama Keziya!" mmoja alimtania Damari, na wote wakacheka.

"Mimi sikufundishwa na mtu," Yemima alisema. "Mungu kanionyesha ndotoni."

Damari naye alicheka. Yeye pia alikuwa akishona magauni kama hayo nyumbani kwake, na alimfurahia rafiki yake kwa moyo wote. Akashika gauni la juu. Mkono wa kushoto wa gauni hilo ulikuwa mpana kuliko wa kulia. Akashika la pili, likawa vilevile. La tatu pia.

Karatasi ya Damari mwenyewe ya kukatia nguo ndiyo iliyokuwa na kosa hilo. Aliichora wakati binti yake Keziya alipoungua mkono, ili nguo isibane bandeji, na hakuirekebisha tena. Kila akikata, aliupunguza upana ule kwa mkasi, kwa mazoea tu. Karatasi aliificha chini ya godoro. Na alipokwenda kumzika mama yake, ufunguo wa nyumba alimwachia Yemima.

"Omba basi, dada," Yemima alisema, macho ameshafumba.

Vichwa vyote viliinama.

"Ee Mungu," Damari alianza, "wewe unayeona hata ndani ya nyumba isiyo na mwenyewe..."

Kichwa kimoja kiliinuka taratibu.