Kofia ya Nasibu

Siku hizi, ukitaka kuwa mtu fulani katika mchezo wa kuigiza hadithi mezani, lazima uvae kofia inayoishusha akili yako hadi kiwango cha mtu huyo. Nilimchagua marehemu kaka yangu, Nasibu, aliyekuwa mzito wa kuelewa.

"Tukifika kwenye shimo la mchezo, mwangushe, dada, tucheke," binamu yangu Mwinyi alisema.

Niliivaa. Mawazo yalikuja polepole, lakini woga na upendo vilibaki vilevile. Hadithi ya mchezo ilipotufikisha shimoni, sikuanguka. Niliketi ukingoni, kama Nasibu alivyoketi kila mahali palipomtisha, nikamwomba Mwinyi anishike mkono. Alinishika, na hakucheka.

Mchezo ulipokwisha, aliniambia kwa upole, "Vua sasa, dada."

Niliishikilia kofia kwa mikono miwili. Tangu tumzike, sikuwa nimekaa naye karibu hivi.